Jahazi la Ziwa Nyasa: Ufundi na Shehena Yake

Kwa mwenyeji wa Kisondela, katika milima ya Rungwe, jahazi laweza kuonekana kuwa jambo la mbali, la Unguja na Lamu. Hata hivyo, ziwa lililo chini ya milima hiyo lilipata kuwa na majahazi yake katika karne ya 19, na historia yake inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili.

David Livingstone alipoichunguza pwani ya magharibi ya Ziwa Nyasa mwaka 1861 alikuta habari za jahazi lililokuwa likivusha watumwa. Aliporudi mwaka 1863 alifika Nkhotakota, kwenye pwani ya magharibi, akakuta jingine likiundwa badala ya lile lililovunjika. Aliandika vipimo vyake: urefu futi 50, upana futi 12 na kina futi 5. Mbao za ubavuni zilikuwa za mti uliofanana na msaji, na mataruma yalikuwa ya mti mwingine. Yote mawili ni miti ya nchi ile ile.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Meli ya Ilala, iliyoingia ziwani mwaka 1875, ilikuja vipande vipande kutoka Uingereza, ikabebwa na wapagazi kuyapita maporomoko ya mto Shire. Jahazi halikubebwa. Kilichosafiri kutoka Kilwa na pwani nyingine kilikuwa maarifa: namna ya kulaza mkuku, kupanga mataruma, kukalafati na kutweka tanga. Maarifa hayo yalisafiri vichwani mwa watu pamoja na lugha iliyoyabeba.

Lakini si haki kuusifu ufundi tukaisahau shehena. Jahazi lile lilivusha watu waliokamatwa, ili watembezwe kutoka pwani ya mashariki hadi Kilwa. Kaskazini mwa ziwa, Mlozi alipowashambulia Wangonde mwaka 1887, maafa yaliwafika jirani na jamaa za Wanyakyusa wenyewe. Kumbukumbu zimetuhifadhia futi za mbao. Hazikutuhifadhia majina ya waliofungwa juu yake.

Mlozi alishindwa na kunyongwa mwaka 1895. Wakati huo meli za moshi zilikwisha kutamalaki ziwani, ikiwamo Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyoshushwa majini mwaka 1893. Biashara ya watumwa ikavunjwa, na jahazi likapoteza enzi yake.

Kiswahili hakikuondoka nalo. Kilibaki, kikawa lugha ya soko, ya shule, na hatimaye ya taifa. Kwa sababu hiyo mtafiti wa Kiswahili hana budi kuyasoma mambo mawili kwa pamoja, ubao na shehena. Anayesoma ubao peke yake huandika sifa. Anayesoma shehena peke yake huwanyima mafundi akili zao. Historia ya lugha yetu huku bara ilipita katika chombo kimoja kilichobeba yote mawili.