Haki Haitoshi Bila Chombo: Historia Fupi ya Kisakinishi cha Linux

Wanaharakati wa programu huria hupenda kusema kwamba leseni ndiyo iliyomkomboa mtumiaji wa kompyuta. Nakubaliana nao nusu. Leseni hutoa haki, lakini haki isiyo na chombo cha kuifikisha kwa mwananchi hubaki maandishi.

Septemba 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitoa toleo la kwanza la kiini cha Linux. Mwaka 1992 kiini hicho kiliwekwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kukitumia, kukichunguza, kukirekebisha na kukigawa. Je, ni nani hasa aliyeweza kuitumia ruhusa hiyo? Kiini pekee si mfumo kamili. Ilibidi mtu akusanye programu nyingine na kuziunganisha kwa mkono. Haki ilikuwa ya wote, uwezo ulikuwa wa mabingwa wachache.

Mwaka huohuo Owen Le Blanc, wa kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alitengeneza MCC Interim Linux: disketi chache zilizomwongoza mtumiaji katika kusakinisha mfumo. Slackware na Debian zilifuata mwaka 1993. Hata hivyo, disketi ya kawaida ilibeba megabaiti 1.44 tu. Mfumo ulipokua, rundo la disketi nalo lilikua, na moja ikiharibika kazi yote ilikwama.

CD, yenye megabaiti 700 hivi, ilipunguza adha hiyo. Mwaka 2000 Klaus Knopper, mhandisi wa Ujerumani, alipiga hatua zaidi kwa Knoppix. Kompyuta iliwaka kutoka kwenye CD, mfumo ukatambua vifaa wenyewe, na diski kuu haikuguswa. Mtu aliweza kujaribu kabla ya kuamua, hata kwa kompyuta ya kuazima.

Kuanzia 2005 kampuni ya Canonical, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilituma CD za Ubuntu bure, hadi gharama ya posta. Nami nilipokea bahasha hiyo. CD moja ilizunguka bweni zima, nasi tuliokuwa tukiishi kwa nakala za wizi tukaonja uhalali. Mwaka 2011 huduma hiyo ilikoma. Hapo nilijifunza kwamba mlango unaofunguliwa na mfadhili hufungwa na mfadhili.

Leo chombo ni flashi. Faili moja la mfumo hupakuliwa, huhakikiwa kwamba halikuchezewa, kisha huandikwa kwenye flashi inayoweza kusakinisha kompyuta nyingi, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo hatuna tena sababu ya kusubiri bahasha.

Nasema haya kwa sababu Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Ofisi za umma zitashawishika kuzitupa na kununua mpya kwa kodi zetu. Mtumishi wa umma, kabla ya kusaini hati ya manunuzi, uliza kwanza kama flashi moja ilijaribiwa. Mwanafunzi, jifunze kuiandaa flashi hiyo, kisha mfundishe mwenzako. Haki tulipewa tangu 1992. Chombo sasa kimo mfukoni mwetu.