Walioacha Kutafuta Kazi Hawahesabiwi

Ukipita kwenye maskani za Kisauni, Likoni au Majengo saa nne asubuhi, utawakuta vijana wamekaa, na hutakosa mpita njia wa kusema, "Hawa hawataki kazi." Neno hilo nimelisikia hata kwa watu ninaosali nao safu moja. Kabla hatujalikubali, tutazame ukosefu wa kazi unahesabiwaje.

Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani (ILO), ambacho hata Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS) hukifuata, asiye na kazi ni mtu aliyetimiza mambo matatu: hana kazi, yuko tayari kufanya kazi, na ameitafuta katika majuma manne yaliyopita. Hilo la tatu ndilo lenye mtego. Kijana akizunguka mwaka mzima na bahasha yake kisha akachoka, baada ya mwezi hayumo tena katika hesabu hiyo. Kwa hiyo kiwango kinaweza kushuka bila ya mtu hata mmoja kuajiriwa. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva wakawatengea watu hawa fungu lao, lakini ni nadra kulisikia likitajwa kwenye taarifa ya habari.

Kwa nini mtu aache kutafuta? Kwanza, kutafuta kazi kunakula pesa. Cheti cha maadili mema ni shilingi 1,050. Ongeza cheti cha CRB, nauli, kupiga chapa na kutoa nakala, na yote hayo yanatoka kwa mtu asiye na mshahara. Nyumbani hakuna anayemuuliza kama anatafuta. Anaulizwa kama amepata.

Mimi mwenyewe nilifika hapo. Mwaka 2019 ilipoamriwa mizigo ya bandarini ipelekwe Nairobi kwa reli ya SGR, kampuni ya kutoa mizigo niliyokuwa nikifanyia kazi ilipunguza watu, nami nikawamo. Nilikuwa na diploma na uzoefu. Nilipeleka barua Shimanzi, Changamwe, hadi Mariakani. Sehemu moja mlinzi wa lango alizipokea bahasha zetu, na jioni nikaziona kwenye pipa. Baada ya hapo nilikaa miezi saba bila kuandika barua hata moja. Mke wangu aliuza mahamri na mbaazi, nami nikampelekea wateja. Siku hizo ungeniuliza kama nataka kazi, ningekwambia naitaka hata leo. Amri ile ya mizigo iliondolewa 2022, lakini si kila aliyetolewa aliitwa tena.

Wapo pia wasiotafuta kwa sababu wanajua hakuna. Wa hoteli za Diani, Watamu na Malindi mvua za masika zikianza hurudishwa nyumbani, na wengi hungoja watalii warudi. Aende wapi mwezi wa tano, na kila hoteli inafunga vyumba? Mama mwenye mtoto mchanga naye hupiga hesabu yake: akitoa ya yaya na ya matatu, mshahara wa kibarua umekwisha. Na kujuana, ambako sote tunakujua na wachache tunakukemea, kunawafunza vijana kwamba tangazo hutolewa wakati mtu ameshapatikana. Sikatai kwamba wavivu wapo. Ila mvivu hana haja ya kulipia cheti cha maadili mema mara mbili.

Liko jambo moja ambalo vijana wengi hawajaambiwa. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa: mwajiri hana ruhusa ya kumdai mwombaji vyeti vya kuidhinishwa ila akiwa anakusudia kumpa mkataba wa kazi. Yaani barua na vyeti vya masomo kwanza, hivyo vya kulipia baadaye. Bado naona matangazo yanayovidai tangu siku ya kwanza, na vijana wanakopa ili kuvipata.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani alinijia na tangazo la namna hiyo, la kazi ya ghala. Nilimwambia atume maombi bila vyeti hivyo, na aandike chini kwamba atavileta akipewa mkataba. Akaniuliza, "Na wakinitupa, ami?" Nikamwambia asubiri kidogo, nikaingia ndani kumchapia barua.