Jembe, Nyumba na Wale Asilimia 20

Januari 1958, mjini Tabora, wajumbe wa TANU walibishana juu ya kura tatu, na nusura chama kipasuke. Wakoloni walitaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Kukubali ni kuumeza ubaguzi. Kukataa ni kuwaachia wengine Baraza la Kutunga Sheria. Nyerere akawashawishi wakubali. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaunda African National Congress, na alipogombea urais mwaka 1962 hakufikisha asilimia 2 ya kura.

Ushindi wa namna hiyo hulevya. Mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja ukawa sheria. Nyerere alisema kwamba, wapinzani wasipopata hata kiti, ushindani wa kweli ni bora uwe ndani ya chama. Si hoja ya kubeza. Tanzania Bara, kila jimbo lilitakiwa kuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja alama yake jembe, mwenzake nyumba. Walizunguka pamoja kwenye mikutano ya chama, marufuku kugusia kabila, dini wala rangi. Sera yao ilikuwa moja, basi alama zenyewe zikageuzwa hoja: bila jembe mtakula nini? Kichekesho, ndiyo, lakini ni uchaguzi huohuo uliomwangusha Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Mkubwa aliweza kung'olewa. Msimamo wa chama haukuguswa. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa uanachama, na ubunge ukaenda nao.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kibaki. Tume ikapendekeza vyama vingi! Mimi naona ilipatia: wale wengi hawakunyang'anywa chama chao, ilhali bila vyama vingi wale asilimia 20 wangebaki hawana pa kwenda.

Hata hivyo, mfumo mpya wa 1992 ulimtaka kila mgombea awe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 1994. Bunge likabadili Katiba kuuziba mlango huo. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, nayo ikampa haki. Mgombea binafsi bado hayumo kwenye karatasi ya kura.