Ubunifu wa Maleba

Ubunifu wa maleba ni kazi ya kuamua kila mhusika atavaa nini jukwaani, kwa nini, na vazi hilo litabadilikaje kadiri mchezo unavyoendelea. Neno maleba si geni kwa wanaosoma fasihi simulizi: ni mavazi ya mganga, ya mcheza ngoma, ya mtu aliyesimama mbele ya wenziwe kutimiza jukumu maalumu. Ndiyo maana linaifaa tamthilia. Viatu, kilemba, shanga na hata kiraka vyote vimo.

Mara nyingi kazi hii huachwa hadi siku ya mwisho, mwigizaji akaambiwa aje na kanzu yake. Hasara yake ni kubwa. Chukua mchezo unaohusu Unguja ya miaka ya 1890, mahali ambapo nguo ilikuwa na daraja. Bwana mkubwa alivaa kanzu na joho, kichwani kilemba, kiunoni jambia. Mtumwa wa shamba alijifunga merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichopata jina lake kwa kuletwa kutoka Marekani. Wanawake watumwa walivaa kaniki, yaani merikani iliyotiwa nili ikakolea. Kofia na viatu havikuwa vya mtumwa. Kwa hiyo mtu akiingia kichwa wazi, miguu mitupu, hadhira imeshamjua kabla hajaitikia salamu. Ukimpa makubadhi kwa kuwa tu sakafu ya ukumbi ni ya baridi, umempandisha cheo bila mwandishi kutaka.

Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba. Katika miaka iliyofuata wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, wakavaa kanga, na baadaye buibui. Hapo ndipo mbunifu ana utajiri wa kweli. Mhusika wetu, mwanamke mtumwa, atoke onyesho la kwanza na kaniki iliyopauka, imefungwa kifuani, mabega wazi. Onyesho la tatu arudi na doti ya kanga, kipande kimoja kimefungwa kiunoni, cha pili kimemfunika kichwa na mabega. Hotuba ya uhuru haihitajiki. Bibi aliyekuwa akimmiliki naye awe amevaa kanga ya thamani ileile, na jicho lake likawie kwenye pindo la mwenzake: daraja imetikisika, na kila aliye ukumbini ameona. Ila kanga hiyo isiwe ya dukani leo, yenye jina la herufi za Kilatini. Hizo ni za baadaye.

Maleba pia yaweza kuonyesha cheo cha kuazima. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya Shakespeare iliyotoka 1969, Portia anaingia mahakamani kwa vazi la mwanasheria wa kiume, na mumewe mwenyewe hamtambui. Sisi tunamjua. Napenda mbunifu anayeliacha joho lile limzidi Portia kidogo mabegani, kisha lionekane kumkaa sawasawa anapoanza kuubana upande wa mdai, Shylock, kwa hoja.

Hilo halitokei kwa bahati. Joho hubadili hatua, kaniki iliyobana hubadili namna ya kuketi, kilemba hunyoosha shingo. Mwigizaji apewe maleba yake, au nguo ya mfano wake, tangu wiki za mazoezi.