'Step down' si 'step aside': Vijineno vilivyohamia nyuma ya kitenzi

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea tafsiri ya habari iliyodai kwamba waziri fulani 'amejiuzulu'. Nilipoisoma taarifa ya Kiingereza, nikakuta 'stepped aside'. Nikamwambia, "Mwanangu, umemwachisha kazi mtu ambaye bado anayo!"

'Step down' ni kuacha wadhifa, yaani kujiuzulu. 'Step aside' ni kukaa kando, aghalabu ili kupisha uchunguzi. Mwaka 2010 Moses Wetang'ula, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikaa kando. Mwaka uliofuata akarejea katika wizara iyo hiyo. Aliyejiuzulu hana kiti cha kurejea.

Tofauti yote imebebwa na kijineno cha nyuma. Lakini havikukaa nyuma tangu jadi. Katika Kiingereza cha Kale, vijineno vya aina hii mara nyingi vilitangulia kitenzi mithili ya viambishi. Masalio yake ni 'overcome' na 'withstand'. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilileta vitenzi vyake, na viambishi vingi vya kale vikafifia. Mtindo wa kuweka kijineno nyuma ukashika kasi. Wataalamu wengi huona kwamba lugha ya Waskandinavia waliolowea kaskazini na mashariki mwa nchi hiyo ilichangia pia.

Sasa basi, mpangilio mpya haukuufuta ule wa zamani kabisa. Ndiyo maana tuna jozi zinazotupiga chenga. 'Overlook' ni kutoliona au kulipuuza jambo, ilhali 'look over' ni kulipitia kwa macho. 'Overtake' ni kulipita gari lililo mbele. 'Take over' ni kutwaa usukani. (Dereva wa matatu hufanya la kwanza kutwa kucha, abiria wakitamani kufanya la pili.)

Tusijilaumu mno. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alikiri kwamba vitenzi hivi ndivyo vinavyowatatiza wageni zaidi. Sisi tuliozoea kubadilisha maana ndani ya neno lenyewe, tega ikawa tegua, huwa hatukitazami kijineno kilichosimama peke yake.

Mwanafunzi alirudi na 'amekaa kando kwa muda'. Nilikata 'kwa muda'. Taarifa haikusema kwamba waziri atarudi.