Somo la Historia: Shabaha ya Mbali

Fungueni madaftari yenu mwandike tarakimu hizi: 934 na 931. Maana yake mtaiona baadaye kidogo.

Leo tunazungumza juu ya watu walivyojifunza kulenga shabaha ya mbali. Gobori mnalijua. Mtutu wake ni laini ndani, na risasi yake hupepesuka njiani, kwa hiyo mwindaji sharti amnyemelee mnyama mpaka amkaribie sana. Raifali ni bunduki nyingine. Ndani ya mtutu wake imechongwa mifuo ya kuzunguka, mfano wa skrubu. Risasi hutoka ikizunguka kama pia ya watoto, nayo haipepesuki. Katika karne ya 19 raifali zilienea, zikawa zinafika mbali kuliko mikono na macho ya watu yalivyozoea. Ndipo mazoezi yakawa hayana budi.

Twende sasa Marekani, mahali paitwapo Creedmoor, karibu na New York. Tarehe 26 Septemba 1874 walishindana watu sita wa Ayalandi na watu sita wa Marekani. Walipiga kwa yadi 800, kisha 900, kisha 1000. Yadi 1000 ni kama mita 914, yaani viwanja tisa vya mpira vikipangwa mstari mmoja! Mbali hivyo risasi huanguka sana njiani, na upepo huisukuma kando. Mpigaji hana budi kukisia yote mawili kabla ya kugusa kifyatulio.

Mtu mmoja wa Ayalandi, Milner, alipiga katikati kabisa. Lakini ilikuwa shabaha ya jirani, siyo yake. Pigo la katikati lilikuwa na alama 4; yeye akapata sufuri. Risasi ya mwisho ilikuwa ya Mmarekani John Bodine. Mkono wake ulikuwa umekatwa na chupa iliyopasuka, unatoka damu. Akalenga, akapata. Marekani 934, Ayalandi 931. Toeni wenyewe, kisha mkumbuke zile alama 4 za Milner.

Katika kundi la Ayalandi alikuwamo John Rigby, fundi wa bunduki. Raifali za kampuni yake zilikuja kufika mpaka Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mskoti mmoja jina lake Bell aliwinda tembo Karamoja, Uganda, naye alipenda raifali nyepesi ya Rigby. Wenzake walibeba bunduki kubwa nzito. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, kwa maana tembo aliyepigwa penginepo hukimbia na jeraha lake. Maishani mwake aliua tembo zaidi ya 1000. Ustadi wake naukubali. Hesabu hiyo siisifu.

Lakini angalieni: ubao wa shabaha umesimama, mnyama hutembea. Ukiukosa ubao umepoteza risasi tu. Mbogo aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na kesho yake atakayekutana naye huenda ni mama anayekwenda kuokota kuni, wala siye mwenye bunduki. Kwa hiyo wawindaji wenye busara hawaulizi bunduki inafika wapi. Hupiga ubao kwa mita 50, kisha 100, kisha 150. Pale wanapoanza kukosa ndipo mpaka wao, na porini hawauvuki. Kenya ilikataza uwindaji wa namna hii mwaka 1977. Tanzania unaruhusiwa kwa kibali.

Zoezi la juma hili halihitaji bunduki. Simameni njiani, chagueni mti ulio mbali, kisieni ni hatua ngapi, mwandike. Kisha tembeeni hadi pale mkihesabu. Tarakimu zote mbili zileteni darasani, wala msiifute ile ya kwanza.