Tuzo za Filmfare na Wasanii Waliozikataa

Tuzo za Filmfare, ambazo ni miongoni mwa tuzo kongwe na mashuhuri za filamu za Kihindi, zilitolewa kwa mara ya kwanza mjini Bombay, ambao sasa ni Mumbai, tarehe 21 Machi 1954, katika ukumbi wa sinema wa Metro. Mwandalizi alikuwa jarida la Filmfare, lililoanzishwa miaka miwili kabla na kampuni inayochapisha gazeti la The Times of India, na mwanzoni tuzo hizo ziliitwa Clares kwa heshima ya marehemu Clare Mendonca, mhakiki wa filamu wa gazeti hilo. Washindi walitokana na kura za wasomaji. Sanamu waliyokabidhiwa, iliyochongwa na N. G. Pansare, ni ya mwanamke anayecheza ngoma huku ameinua mikono juu ya kichwa, vidole vikigusana.

Tuzo za mwaka huo zilikuwa tano tu, na mbili kati yake, ya filamu bora na ya mwongozaji bora, zilikwenda kwa Do Bigha Zamin ya Bimal Roy, kisa cha mkulima anayekwenda Calcutta kuvuta riksho ili alipe deni asinyang'anywe shamba lake. Dilip Kumar na Meena Kumari walishinda kwa uigizaji, na Naushad kwa muziki wa Baiju Bawra. Mwimbaji hakutengewa kitu, ingawa katika sinema ya Kihindi nyimbo hurekodiwa studioni na waimbaji maalumu, kisha mwigizaji akazifuatisha kwa midomo mbele ya kamera, kiasi kwamba sauti anayoipenda mtazamaji si ya yule anayemwona.

Pengo hilo lilidhihirika mwaka 1957, watunzi Shankar na Jaikishan waliposhinda tuzo ya muziki kwa filamu Chori Chori na kumwomba mwimbaji Lata Mangeshkar aimbe katika hafla. Lata alikataa, akisema kwamba tuzo hiyo ni ya watunzi, basi wapige muziki wao bila mwimbaji, na hoja yake ilikuwa ya haki kabisa. Mwaka huohuo Vyjayanthimala aliikataa tuzo ya mwigizaji msaidizi kwa filamu Devdas, kwa kuwa aliona nafasi yake haikuwa ndogo kuliko ya mwigizaji mwenzake Suchitra Sen. Mwaka 1959 tuzo ya mwimbaji ilianzishwa, na wa kwanza kuipata alikuwa Lata mwenyewe, kwa wimbo wa filamu Madhumati. Hata hivyo wanaume na wanawake waliendelea kushindania tuzo moja hadi zilipotenganishwa mwaka 1968. Wapenzi wa taarab wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa uzito wa nyimbo za filamu hizi, kwani Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi.

Kukataa kuliko kuzito zaidi kulitokea mwaka 1973. Pran, mwigizaji aliyevuma kwa nafasi za maadui, alichaguliwa mwigizaji msaidizi bora kwa filamu Be-Imaan, ambayo pia iliwapa Shankar na Jaikishan tuzo ya muziki, lakini aliirudisha yake kwa sababu aliamini kwamba tuzo ya muziki ilimstahili Ghulam Mohammed, mtunzi wa nyimbo za Pakeezah. Utengenezaji wa Pakeezah ulichukua miaka mingi mno hata mtunzi huyo akafariki mwaka 1968, miaka minne kabla ya filamu kuonyeshwa, na kwa hiyo Pran alikuwa akimtetea mtu asiyeweza tena kujitetea, tena kwa kuacha heshima iliyotokana na filamu aliyoigiza yeye mwenyewe. Matokeo hayakubadilishwa, na katika orodha ya washindi tuzo ya muziki ya mwaka huo bado ni ya Be-Imaan.